Taa ya Kupepesa ya Merle Lindaman

Uchovu wa Verna Lindaman ulianzia miguuni. Kufikia saa nne asubuhi ulikuwa umeshapanda magotini, na saa saba mchana, alipovua aproni katika jiko la nyumba ya wazee alikokuwa akipika, ulikuwa umefika mabegani na kukaa huko kama mgeni asiyejua kuaga. Miaka sitini na mmoja si umri wa kubeba masufuria ya uji wa watu themanini. Lakini nani angembebea?

Alikuwa na desturi moja asiyomwambia mtu. Akifika nyumbani huzima gari mbele ya gereji, akabaki ndani yake dakika kumi, mikono kwenye usukani, hatazami kitu wala hasikilizi kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yake. Jirani yake Darlys, mwanamke asiyepitwa na jambo mtaani, alimwona mara nyingi kupitia dirisha la jikoni kwake, na kwa mara ya kwanza maishani akajizuia kuuliza.

Ndani ya nyumba alikuwamo Merle, mumewe.

Merle alikuwa mtu wa posta. Miaka ishirini na tisa alitembea kwenye mitaa ile ya nyumba za matofali, kaskazini mwa Des Moines, mkoba wa barua begani na maneno mdomoni. Na maneno alikuwa nayo! Alisalimia watu, akasalimia mbwa wao, akauliza habari za bomba lililopasuka mwaka juzi. Bahasha moja ya bili ya umeme ilimchukua robo saa kuifikisha mlangoni. Verna alizoea kusema kwamba wenzake waliolewa na wanaume, yeye aliolewa na redio isiyozimika.

Basi ikazimika. Jumapili moja ya mwezi wa tatu Merle alianguka bafuni. Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia, nusu ya nguvu za mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa Jumanne.

Akitaka maji, alisema Jumanne. Akitaka dirisha lifungwe, Jumanne. Daktari alipomwuliza jina la mke wake, alimtazama Verna kwa macho yaliyojua jina hilo vizuri kabisa, akafungua kinywa, likatoka lile lile. Akalisikia likitoka, akafumba macho. Hilo ndilo lililomuuma Verna kuliko yote: kwamba akili ilikuwa nzima, imeketi ndani, inasikia upuuzi wa mdomo wake yenyewe. Miezi ya mwanzo Verna alilichunguza neno lile kama polisi. Jumanne ilikuwa siku ya kubeba matangazo ya maduka, siku ya mkoba mzito, siku aliyoichukia. Labda ndiyo sababu? Yule dada wa hospitali aliyemfundisha Merle kusema upya alitikisa kichwa. "Hakuna sababu, Bi Verna. Ni neno lililokuwa karibu na mlango nyumba ilipoungua."

Dada huyo alisema jambo jingine pia. Alisema maneno hurudi, yakirudi, kwa njia ya watu. Mtu akijifungia, mdomo nao unajifungia.

Na Merle alijifungia. Darlys alipoleta bakuli la viazi vya kuoka na jibini, Merle alichukua fimbo yake akaenda chumbani. Wenzake wa posta walipokuja, alijifanya amelala. Kufikia mwezi wa nane hakuna aliyekuja tena, na Merle alikuwa amegundua kiti kilichokaa pembeni mwa sebule, kikitazama ukuta.

Verna aliufahamu ule ukuta. Kazini kwake kulikuwa na wazee sita au saba waliokuwa wakitazama ukuta kama huo. Kila asubuhi aliwapelekea uji, kila asubuhi aliwasalimia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu. Walianza vivi hivi, kidogo kidogo, kwa kukataa wageni. Usiku alipolala ubavuni mwa Merle aliona kwamba mwisho wa safari ile anaujua, na bakuli la uji la mwisho wake analijua pia. Hofu hiyo ilimchosha kuliko masufuria.

Ndipo ukaja mwezi wa kumi, na pamoja nao Jioni ya Ombaomba.

Watoto wa miji mingine huvaa mavazi ya kujigeuza, wakazunguka na kuomba peremende tarehe thelathini na moja, wakatishia watu, wakapewa. Des Moines haikuwa hivyo. Pale mtoto alitoka tarehe thelathini, saa kumi na mbili hadi saa mbili, na hakupewa kitu mpaka atoe utani. Hakuna utani, hakuna peremende. Ndivyo walivyokua, na baba zao kabla yao. Na katika mtaa wao hakimu wa utani alikuwa Merle. Aliketi kwenye mdomo wa gereji na kengele mkononi, nyuma yake kiunzi cha mifupa cha plastiki na taa ya disko iliyopepesa mpaka watu wakaona kizunguzungu. Utani mzuri aliugongea kengele. Utani mbovu aliulilia kwa sauti, akashika moyo, akaomba aitiwe gari la wagonjwa. Watoto walivuka mitaa minne kuja kuhukumiwa naye.

Mwaka huu kila mtu alijua gereji itafungwa. Verna naye alijua hivyo mpaka alasiri moja, akiwa katika zile dakika kumi zake garini, taa ya breki ya gari lililokuwa mbele ya nyumba ya Darlys ikawaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika. Darlys alikuwa ndani yake, akimwambia kwa taa mwanawe aliye dirishani kwamba ndiyo, amesikia, sasa aache kelele. Hakusema neno. Alikanyaga breki tu, na mwanawe akaelewa.

Verna akashuka garini bila kumaliza dakika zake.

Kabla ya jiko la wazee alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha redio za magari, meza ya tatu karibu na dirisha, akilehemu vipande kwenye bodi za redio. Kiwanda kilihama, mikono yake haikusahau. Alijua taa ya kupepesa ni kitu kidogo: chipu moja ya miguu minane inayohesabu muda, kapasita inayojaa na kumwaga umeme, transista ya kufungua na kufunga njia, utepe wa taa za LED. Ukiweka swichi ya kuzungusha, kama ile ya sauti ya redio, unaipangia taa mwendo wake. Ukitaka itambae, inatambaa. Ukitaka ikimbie, inakimbia.

Za dukani hazikufaa. Vijiswichi vyake vilikuwa vidogo, vigumu, vimefichwa mgongoni, kama vile mtengenezaji alikuwa na ugomvi na vidole vya watu. Tena zilipepesa kwa kasi ya wazimu. Yule dada wa hospitali, alipoulizwa kwa simu, alitoa masharti mawili, Merle asije akashikwa na kifafa: isizidi mipepeso mitatu kwa sekunde, na isimwelekee Merle machoni. Verna akachagua vipande vyake kwa masharti hayo. Swichi akaivika kifuniko cha chupa ya siagi ya karanga, kipana, chenye meno pembeni, mkono wa kushoto uweze kukishika bila shida.

Alifanya kazi hiyo mezani jikoni, alasiri tisa, nusu saa nusu saa, kwa sababu nusu saa ndiyo nguvu iliyobaki. Siku ya pili alilala akiwa ameshika pasi ya kulehemu, akaunguza kitambaa cha meza. Siku ya nne aliweka transista kwa kuigeuza, akaichoma, akaitukana kwa maneno ambayo kanisani hayajulikani. Macho hayakuona tena vile vimiguu vidogo. Ilimbidi avae miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Mwenzangu, unaonekana kama bundi aliyefiwa," Darlys alimwambia, akichungulia mlangoni.

"Nenda zako."

"Unaunda bomu?"

"Naunda mdomo wa Merle."

Darlys akaingia, akaosha vyombo vilivyojaa kwenye sinki, vyote, akaondoka bila kuaga. Kuna watu ambao wema wao hauna adabu, na ndio unaofaa.

Siku ya tisa Verna aliligeuza kifudifudi mezani kasha dogo alimopanga vipande hivyo, kama alivyozoea kiwandani, waya zikitazama juu, akazungusha swichi. Taa ikatambaa. Akazungusha upande wa pili, ikakimbia. Akaifunga kwa parafujo nne na kuketi akiitazama. Hakufurahi. Alikuwa amechoka mno kufurahi. Aliona tu kwamba jambo moja limekwisha.

Akampelekea Merle pale pembeni kwenye kiti chake.

"Sikiliza, mzee. Huna haja ya kusema kitu. Ukizungusha kulia taa inakwenda mbio, maana yake utani mzuri. Kushoto inakwenda polepole, utani mbovu. Nitabandika tangazo, watoto watasoma wenyewe. Wewe unazungusha tu. Hakimu asiyesema, basi. Wapo wengi."

Merle alilitazama kasha, akamtazama yeye, akageukia ukuta. "Jumanne," alisema, na kila aliye na masikio angelijua kuwa hilo ni hapana.

Hapo Verna akapasuka.

"Usinigeuzie mgongo! Nimechoka, Merle. Nimechoka mpaka nywele zinaniuma. Naamka saa kumi nawapikia watu waliogeukia ukuta, narudi nyumbani nakukuta na wewe ukutani. Nini, nikuandikishe kabisa kule, nikuletee uji kwa toroli? Saa mbili tu nakuomba! Mwaka mzima huu nimekuomba nini?"

Katika miaka thelathini na minne ya ndoa alikuwa hajawahi kumpigia kelele kwa sababu hakuwahi kupata nafasi. Redio ilikuwa inalia. Mkono wa kushoto wa Merle ukanyooka, ukakigusa kile kifuniko cha siagi ya karanga, ukakizungusha huku na huku, taratibu, kama mtu anayejaribu kitasa cha nyumba ya zamani.

Jioni ya tarehe thelathini ilikuwa Alhamisi, baridi kavu, majani yamejaa barabarani. Merle aliketi kwenye kiti chake cha zamani, meza mbele yake, kasha mapajani. Utepe wa taa Verna aliufunga mbele ya meza, ukiwaelekea watoto, Merle asiuone. Juu yake akabandika tangazo: TAA MBIO, UTANI MZURI, PEREMENDE TATU. TAA POLEPOLE, KAJIFUNZE, PEREMENDE MOJA.

Saa kumi na mbili kamili wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mvulana aliyevaa shuka.

"Hodi!"

"Nani?" wenzake walimwitikia.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi ninayebisha!"

Ulikuwa utani mbovu wa kuutupa. Merle alikunja uso, akazungusha kushoto. Taa ikakimbia. Watoto wakashangilia, na mwenye shuka akachota peremende tatu kwa kiburi cha mshindi.

Verna alishtuka. Akadhani mkono umeteleza. Akaja msichana wa miaka kumi hivi, amejitengeneza ng'ombe wa siagi, kama yule anayechongwa kwa siagi kila mwaka kwenye maonyesho ya jimbo, manjano tupu kuanzia kwato hadi pembe. Akasimama sawasawa.

"Kwa nini ng'ombe anavaa kengele shingoni?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu pembe zake hazilii!"

Mabega ya Merle yalicheza kwa kicheko. Akazungusha kulia, na taa ikatambaa. "Polepole! Kajifunze!" watoto wakapiga kelele, na ng'ombe akachukua peremende yake moja akiwa amevimba, akasimama pembeni kuuangalia uonevu huu utaishia wapi.

Basi moyo wa Verna ukaanguka. Kushoto na kulia. Amepoteza na hilo pia. Akainama sikioni kwa mumewe. "Kulia ndiyo nzuri, mume wangu. Kulia." Merle akamkata jicho ambalo hakulielewa.

Kisha akaja mtoto mdogo kuliko wote, wa miaka sita, amevaa boksi lililopakwa rangi kuwa gari la taka. Jina lake Brecken, wa nyumba ya pembeni. Nyuma, kwenye njia ya miguu, baba yake alimwonyesha dole gumba.

"Mwalimu," alianza, akasahau, akatazama nyuma, akaanza tena. "Mwalimu aliniuliza, hesabu hizi baba yako alikusaidia? Nikamwambia, hapana mwalimu. Alizikosea zote peke yake."

Watu wazima waliangua kicheko. Merle alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka, akazungusha kulia kwa nguvu zake zote, mpaka mwisho kabisa. Taa ikawaka. Ikazimika. Ikakaa. Ikawaka tena, kama inayokata roho.

"Uuuu!" wakazomea watoto. "Kajifunze!"

Mdomo wa Brecken ukaanza kucheza. Merle aliiona sura ile na hakuielewa. Akazidi kuikaza swichi kulia, na taa haikuwa na pengine pa kwenda. Verna, uchovu umemjaa hadi kooni, akafanya kosa ambalo baadaye lilimnyima raha kuliko yote. Aliushika mkono wa mumewe mbele za watu, kama anavyoshikwa mtoto anayekosea kijiko, akauvuta upande wa pili.

"Siyo huko, Merle! Umekosea. Huku!"

Merle akaunyakua mkono wake. "Jumanne!" akapaza sauti. "Jumanne! Jumanne! Jumanne!"

Wazazi waliokuwa wakicheka walitazama viatu vyao. Lile neno alilolificha Merle miezi saba nyuma ya mlango wa chumba, amelitoa mwenyewe mbele ya watu thelathini. Merle alifumba macho. Mkono wake ukaanza kupapasa chini, kutafuta fimbo. Verna alielewa: akiingia ndani sasa, hatatoka tena. Akatafuta neno la kusema, na katika uchovu ule hakuwa nalo hata moja. Wakawa wawili.

"Jumanne nini?" aliuliza ng'ombe wa siagi. "Leo Alhamisi."

"Nyamaza wewe," mama yake akamnong'oneza.

"Ngoja, mama! Ni mchezo." Msichana alikuwa amekunja paji la uso, anafikiri. Akasogea mezani, pembe zikiyumba. "Bwana Merle. Lini nitasafisha chumba changu?"

Merle akafumbua macho. Alimtazama msichana kwa muda mrefu. Kitu kilipita usoni mwake ambacho Verna hakuwa amekiona tangu mwezi wa tatu.

"Jumanne," alisema, kwa uzito wa jaji.

Msichana alicheka mpaka kwato moja ikamdondoka. Wengine wakaelewa, wakasukumana. "Lini kaka yangu ataacha kujamba kwenye gari?" "Jumanne!" "Lini mwalimu mkuu ataota nywele?" "Jumanne!" Gari la taka nalo likajipenyeza, likafuta kamasi kwa mkono. "Lini baba atajua hesabu?" Merle hakujibu upesi. Alimtazama yule baba aliye kwenye njia ya miguu, akamkagua kutoka juu hadi chini, akahema, na ndipo akasema, kwa huruma, "Jumanne." Baba mtu mwenyewe alilazimika kushika mti.

Verna alikuwa ameshaikamata kamba ya mlango wa gereji. Alidhani wanamdhihaki, na alikuwa tayari kuwafungia mlango usoni, watoto na wazazi wao. Lakini alitazama mabega ya mumewe. Miezi saba neno lile lilitoka kila mara mahali pasipo pake. Sasa watoto walikuwa wakimtafutia mahali pa kuliweka, na kila lilipowekwa lilikaa. Akaiachia kamba.

Katikati ya ghasia hizo Merle aliinama juu ya meza, akachungulia taa upande wa watoto. Akazungusha kulia: ikatambaa. Akazungusha kushoto: ikakimbia. Akageuka polepole, akamtazama mkewe, na nyusi moja ikapanda.

Verna akalichukua kasha. Akaligeuza kifudifudi, waya upande wake, akazungusha. Kwa mgongo ilikuwa sawa kabisa. Miaka kumi na tisa aliziona bodi kwa mgongo tu, upande wa risasi ya kulehemu, ambako kulia ni kushoto na kushoto ni kulia. Kiwandani mwingine ndiye aliyekuwa akiweka uso wa redio. Swichi ina miguu mitatu, na yeye alilehemu waya kwenye mguu ulio kulia kwake, si ulio kulia kwa Merle. Kisha akaijaribu vile vile kwa mgongo, na ikamdanganya.

"Siyo wewe," alisema. "Tangu mwanzo ulikuwa sawa. Ni mimi, Merle. Na nimekushika mkono mbele za watu. Nisamehe."

"Jumanne," alisema Merle, na kila aliye na masikio angelijua kuwa maana yake ni, nilikuwa najua.

Tangu hapo alihukumu kwa kuigeuza kanuni yeye mwenyewe, kushoto kwa mzuri, kulia kwa mbovu, wala hakukosea hata mara moja. Brecken alirudi na utani ule ule, akapewa mbio zake na peremende tatu, akarudi tena, akapewa tena, mpaka baba yake akambeba. Foleni ilifika kwa Darlys. Saa mbili kamili taa za vibaraza zikaanza kuzimwa nyumba baada ya nyumba, na mtaa ukabaki na karatasi za peremende na majani.

Verna aliingia ndani akatoka na pasi ya kulehemu. "Nipe nilinyooshe. Kuhamisha waya mmoja tu, dakika tano."

Merle akaweka kiganja chake juu ya kasha.

"Unataka libaki kinyume?"

Hakuliachia. Basi Verna akaweka pasi chini. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, upande wa watoto, mbele ya meza. Merle alionyesha bakuli la peremende, kisha akamwonyesha yeye kidole, akangoja.

"Usinichezee. Mimi sina utani. Katika nyumba hii mwenye utani alikuwa mmoja."

Merle akangoja. Alikuwa na subira ya mtu wa posta aliyesikia mbwa akibweka na anajua mwenye nyumba yumo.

Verna alitaka kusema jambo la kuchekesha, lolote. Kilichotoka kilikuwa kingine. "Lini," alisema, "lini na mimi nitapumzika?"

Uso wa Merle ukabadilika. Alitafuta. Verna alimwona akitafuta, midomo ikijipanga na kujipangua, mishipa ya shingo imesimama, akili nzima ikigonga mlango mmoja baada ya mwingine. Alitaka kumpa neno jingine usiku ule, na halikuwapo. Mwishowe mabega yakashuka. Akahesabu peremende tatu, akazitia kiganjani mwa mkewe, akakifunga kiganja hicho kwa vidole vyake vya kushoto.

"Jumanne," alisema polepole, na akazungusha swichi kushoto.

Taa ikamkimbilia Verna usoni. Alicheka mpaka akalia, kisha akaacha kucheka, akalia tu, na Merle hakuizima mpaka alipomaliza.

Siku nne zikapita, za uji na masufuria. Ya tano, saa kumi alfajiri, saa ya kengele ililia kama kawaida. Verna akashusha miguu sakafuni, na miguu ikaanza malalamiko yake kabla hata hajasimama. Akamtazama Merle aliyelala. Kisha akachukua simu, akampigia msimamizi wa jiko, akamwambia haji.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Kuna msiba?"

"Hapana," alisema Verna. "Ni Jumanne." Akakata simu, akarudisha miguu kitandani.